Namba 77 anavyomfyeka namba 96: mapigano ya wachezaji ndani ya RuneScape

Saa nne usiku mpwa wangu alinitumia picha ya skrini kwenye WhatsApp, bila hata neno moja. Mhusika wake kalala chini kifudifudi, na chini ya picha kuna ule ujumbe unaojulikana na kila mchezaji wa RuneScape, wa kukupa pole kwamba umekufa. Dakika moja baadaye ikaingia sauti: "Shikamoo mjomba. Hebu nisaidie. Mimi ni leveli 96, yule jamaa ni 77. Kaniuaje?"

Nikamjibu marahaba, nikamwambia alale. Kesho yake nilimpigia, na maelezo yalikula karibu saa nzima pamoja na bando langu lote. Haya ndiyo niliyomweleza, na mengine niliyoyakumbuka simu ikiwa imeshakatika.

Gemu yenyewe ni Old School RuneScape, ya kampuni ya Jagex iliyoko Cambridge, Uingereza. Ni ulimwengu wa kubuni wa mapanga, uchawi na majoka, ambamo maelfu ya watu wanaishi kwa wakati mmoja. Wengi wao hawapigani na binadamu kabisa: wanavua samaki, wanakata magogo, wanaua mazimwi. Kupigana mchezaji kwa mchezaji kuna mahali pake, na mahali maarufu kuliko pote ni Wilderness, nyika iliyo kaskazini mwa ramani. Ukiwa mjini Edgeville utauona mtaro. Kusini mwa mtaro hakuna wa kukugusa. Ukiruka mtaro, umekubali.

Kukubali huko kunapimwa. Wilderness imegawanywa kwa leveli, ya 1 karibu na mtaro hadi 56 kule juu kabisa. Namba hiyo inaeleza tofauti ya leveli inayoruhusiwa kati ya wapiganaji. Ukiwa eneo la leveli 5, mtu wa 96 anaweza kushambuliwa na wa 91 hadi 101 tu. Mpwa wangu alikuwa anaua majoka ya kijani kwenye eneo la leveli 21. Toa 77 kwenye 96 unapata 19. Kwa hiyo jamaa alikuwa ndani ya sheria, tena akiwa na chenji ya leveli mbili.

Sasa tuje kwenye ile 77, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Leveli ya mapigano wanaiona kama uzito wa bondia, kwamba mkubwa humpiga mdogo. Kumbe ni hesabu, na kila hesabu ina mwanya.

Gemu inachukua robo ya Defence yako (ulinzi), robo ya Hitpoints (uhai), na robo ya nusu ya Prayer (sala). Kisha inaangalia silaha. Kwa upanga inajumlisha Attack (shambulio) na Strength (nguvu) na kuchukua asilimia 32.5 ya jumla hiyo. Kwa mishale inachukua Ranged, inaiongezea nusu yake, halafu asilimia ileile. Kwa uchawi inafanya hivyohivyo na Magic. Lakini hizi tatu hazijumlishwi. Inachukuliwa moja tu, iliyo kubwa kupita wenzake, na mbili zilizobaki haziongezi kitu kwenye namba inayoonekana.

Mpwa wangu ana Attack 80, Strength 80, Defence 75, Hitpoints 80 na Prayer 45. Piga hesabu, unapata 96. Chukua sasa akaunti ya mfano inayofanana na ya huyo mshambuliaji: Attack 60, Strength 90, Hitpoints 88, Prayer 52, Ranged 90, Magic 94, na Defence 1. Ndiyo, moja. Kwa makusudi, hajawahi kuikuza. Hesabu yake inaleta 77. Uchawi wake wa 94 na upinde wake wa 90 vimepanda gari bila nauli, kwa sababu upanga ndio uliokwisha kuhesabiwa. Na mtu huyohuyo angejikuzia Defence 75 kama ya mpwa wangu, angesomeka 96 kamili. Kwa maneno mengine, mpwa wangu alikutana na mtu wa kimo chake aliyevaa kanzu ya mtoto.

Wachezaji wanaziita akaunti za namna hii safi, na kuijenga ni kazi ya miezi. Unakwepa kila zoezi na kila kazi ya gemu inayotoa hata chembe ya Defence. Bei yake ni kwamba mtu huyo ni laini kama andazi: hawezi kuvaa deraya nzito, na akipigwa sawasawa haendi mbali. Anacheza kamari kwamba atakuua kabla hujamgeukia. Mimi binafsi naona ni ujanja halali. Wapo wanaouita uhuni, nami siwalaumu.

Leveli peke yake haiui mtu, hata hivyo. Kinachoua ni saa.

Ukitazama RuneScape utadhani mambo yanatokea papo hapo, kama mpira. Sivyo. Seva inapumua. Kila sekunde 0.6 inakusanya maagizo ya wachezaji wote, inayatekeleza, inarudisha majibu, kisha inasubiri mpigo unaofuata. Wachezaji wanauita mpigo huo tiki. Umebofya mwanzoni mwa tiki au mwishoni mwake, kwa seva ni mamoja, mradi agizo limefika kabla haijafunga hesabu.

Fikiria bao la kete ambalo nyote wawili mnacheza kwa mpigo mmoja, huku kitambaa kimefunika ubao. Kila sekunde 0.6 kitambaa kinafunuliwa, mnaona kilichotokea, kinafunikwa tena. Aliyeshika kete kwa kasi zaidi hana cha kujivunia. Anayeshinda ni aliyekisia mwenzake ataweka wapi.

Hapo ndipo kwetu huku kuna jambo la kufurahisha. Katika magemu ya kufyatua risasi, mtu wa Dar es Salaam anayecheza na wa London anakuwa ameshapigwa kabla hajaona bunduki, kwa sababu data inasafiri chini ya bahari kwenda na kurudi. Kwangu safari hiyo inachukua karibu sekunde 0.2. Kwenye gemu inayopima mambo kwa chembe za sekunde, huo ni msiba. Kwenye RuneScape naingia ndani ya tiki na nafasi inabaki. Gemu ilianza mwaka 2001, enzi za modemu zilizopiga kelele, ikachezwa ndani ya kivinjari cha intaneti, na mwendo wake wa kobe uliwafaa watu wenye laini mbovu. Siku nyaya za chini ya bahari zilipoanza kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na baadaye gemu ilipoingia kwenye simu Oktoba 2018, mwendo huohuo ukawa umetukuta tukiwa tayari.

Sina maana kwamba haki imekamilika. Ndani ya tiki moja seva inawashughulikia wachezaji mmoja baada ya mwingine, na kuna mpangilio wa nani anaanza. Mpangilio huo unachanganywa kila baada ya muda. Ukiwa mbele kwenye foleni, pigo lako linaingia kabla ya la mwenzako. Wapiganaji wazoefu wanahisi wakati gani wako mbele na wakati gani wako nyuma, nao hubadili mchezo kufuatana na hilo. Mimi miaka yote hii bado naotea.

Kila silaha nayo ina mwendo wake unaohesabiwa kwa tiki. Mjeledi wa Abyssal, ambao mpwa wangu anautunza kama yai, unapiga kila baada ya tiki 4, yaani sekunde 2.4. Pambano la dakika moja linakupa mapigo 25 tu. Na kila pigo ni dadu: seva kwanza inarusha dadu ya shambulio dhidi ya dadu ya ulinzi kuona kama limeingia, kisha inarusha nyingine kuamua limekata kiasi gani, kuanzia chini kabisa hadi upeo wa silaha. Huwezi kulenga kichwa, wala hakuna mkono mwepesi wa kukuokoa. Katika mapigo 25 bahati inaweza kumkataa bingwa jioni nzima, ndiyo maana hata wakali wanakufa.

Sasa turudi pale kwenye majoka ya kijani, nikueleze nilivyomweleza mpwa.

Alikuwa amevaa deraya za Rune, aina ya chuma ndani ya gemu, mwili mzima. Mbele ya upanga deraya hizo ni ukuta. Mbele ya uchawi ni hasara tupu: kifua cha Rune kinapunguza kinga yako dhidi ya uchawi. RuneScape ina pembetatu: upanga unamshinda mpiga mishale, mishale inamshinda mchawi, uchawi unamshinda mwenye deraya. Juu ya hapo, ulinzi dhidi ya uchawi unatokana kwa asilimia 70 na Magic yako mwenyewe, na kwa asilimia 30 tu na Defence. Magic ya mpwa ni 50. Ile Defence 75 aliyoihangaikia mwaka mzima ilikuwa inamsaidia kwa asilimia 30.

Jamaa akatokea, akarusha Ice Barrage, uchawi wa barafu unaohitaji Magic 94. Ukikupata unaganda tiki 32, sekunde 19 na kidogo. Ukiganda unaweza kula, kuvua na kuvaa, hata kupiga aliye karibu, ila miguu haitoki. Na yeye hakukaa karibu. Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama pale ambapo mjeledi haufiki. Uchawi huo unarushwa kila baada ya tiki 5, kwa hiyo katika kuganda kumoja ana nafasi ya mashambulizi sita dhidi ya mtu aliyesimama kama mlingoti.

"Nilibonyeza kuhama, mjomba, haikukubali." Haikukubali kwa sababu alikuwa leveli 21. Uchawi wa kuhama, ule wa kutoweka na kutokea mahali pengine, unaishia leveli 20. Alikuwa amepitiliza mpaka wa uhai kwa hatua chache, na miguu imegandishwa. Upo mkufu unaoitwa Amulet of Glory ambao unahamisha mtu hadi leveli 30, hata akiwa ameganda. Yeye alivaa Amulet of Fury, kwa kuwa unaongeza nguvu ya kupiga majoka. Uchaguzi mzuri kwa majoka.

Na sala? Katika gemu hii sala ni kinga: kwa Prayer 37 unapata kinga dhidi ya uchawi, 40 dhidi ya mishale, 43 dhidi ya upanga. Mpwa anazo zote tatu. Alichokosa ni mazoea, maana mazimwi yanamzoesha mtu vibaya. Dhidi ya zimwi, kinga sahihi mara nyingi inazuia pigo lote. Dhidi ya binadamu inapunguza asilimia 40 tu. Tena alama ya kinga yako inaelea juu ya kichwa, mpinzani anaiona. Ukiwasha kinga ya uchawi, anashika upinde. Ukigeuza kinga ya mishale, anarudi na rungu. Wazoefu wanabadilisha vitu vinne, vitano, hata nane ndani ya tiki moja: joho linavuliwa, ngozi inavaliwa, fimbo inarudi mfukoni, upinde unatoka. Ukitazama kwa pembeni utadhani mtu anapiga taipu. Haya ndiyo yanayoitwa mapigano ya mseto, na hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo, si kwenye leveli.

Mfuko una nafasi 28, basi. Kila silaha ya akiba unayobeba imekula nafasi ya samaki mmoja. Papa anarudisha uhai 20. Karambwan, samaki mwingine wa gemu, anarudisha 18, na sifa yake ni kwamba unaweza kumla palepale baada ya papa, ndani ya tiki moja: 38 kwa mkupuo. Lakini kula kunachelewesha pigo lako linalofuata. Anayekula hapigi. Mpiganaji mzuri anakupeleka mahali ambapo kila tiki unakula, na ukishafika huko umegeuka mgeni wa karamu yake.

Kumalizia ni sanaa peke yake. Mtu mwenye uhai 40 akipigwa 25 anakula, akapigwa tena anakula tena, mtakesha. Kwa hiyo muuaji anatafuta mapigo mawili yafike kwenye tiki moja, pasiwepo mwanya wa kula katikati. Anafyatua mshale wa crossbow ya Rune, upinde wenye kifyatulio, na mshale ukiwa bado hewani anachomoa Granite maul, rungu la mawe ambalo pigo lake maalumu halisubiri zamu. Vyote vinatua pamoja. Mpwa aliniambia alikuwa na uhai 41 kisha sifuri, akadhani ni hitilafu ya simu. Si simu. Ni rungu.

Alichopoteza kinaelezwa na sheria nyingine. Mtu anayeanza kumshambulia asiyemgusa anawekewa fuvu juu ya kichwa kwa dakika 20. Mwenye fuvu akifa anaacha kila kitu. Asiye na fuvu anabaki na vitu vyake vitatu vya thamani kubwa. Mpwa hakuwa na fuvu, kwa hiyo mjeledi, Fury na ngao vilirudi naye. Deraya, ngozi na mifupa ya majoka ya jioni nzima vikabaki kwa jamaa. Kuna sala ya Prayer 25 inayokubakizia kitu kimoja zaidi, hata ukiwa na fuvu. Na kuna dawa ya sala hiyo: Smite, ya Prayer 52, ambayo kila inapokukata uhai 4 inakunyofoa pointi 1 ya sala. Sala ikifika sifuri, ulinzi wa kitu unazimika. Ukiona mtu mwenye upanga wa thamani anapigwa polepole kwa utulivu, ujue hapigwi ili afe haraka. Anakaushwa sala kwanza.

Mtu atauliza: hivi vitu si vya kuchora tu? Ndiyo, ila vina bei. Tangu 2015 kuna hati inayoitwa bondi: mmoja anainunua kwa fedha halisi, anamuuzia mwenzake kwa dhahabu ya gemu, na mnunuzi anaitumia kulipia uanachama wa siku 14. Kijana asiye na kadi ya benki anaweza kucheza mwaka mzima kwa dhahabu aliyoichuma. Kwa hiyo mfuko wa ngozi za majoka ni sehemu ya ada ya mwezi ujao.

Fedha hiyohiyo iliwahi kuiua Wilderness yenyewe. Kufikia 2007 wapo waliokuwa wanauza dhahabu ya gemu kwa fedha halisi, kinyume cha sheria za kampuni, na njia rahisi ya kukabidhiana mzigo ilikuwa muuzaji kuingia nyikani na kukubali kuuawa na mteja. Jagex ilipoona imezidiwa, tarehe 10 Desemba 2007 iliondoa uuaji wa kawaida wa wachezaji Wilderness, kisha ikabana biashara kati yao. Wachezaji wakaandamana ndani ya gemu, wengine wakahama moja kwa moja. Uuaji huo ulirudishwa tarehe 1 Februari 2011 baada ya kura. Miaka miwili baadaye kampuni ikafungua Old School kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa Agosti 2007, miezi minne tu kabla ya uamuzi ule. Wilderness tunayofia leo imefufuliwa kutoka kwenye nakala ya akiba.

Magemu mengine yalikata shauri kwa namna nyingine. Ultima Online ya 1997 ilianza kwa kuachia watu wauane karibu popote nje ya miji, wageni wakawa wanachinjwa kama kuku wa sikukuu, na mwaka 2000 dunia nzima ikawa na nakala mbili: Trammel kwa wapenda amani, Felucca kwa wengine. Mimi napenda mtaro wa Edgeville kuliko dunia mbili, kwa sababu unakuacha uchague kila siku upya. Ila mtaro unategemea programu isiyo na tundu. Tarehe 6 Juni 2006, kwenye sherehe ndani ya nyumba ya mchezaji mmoja, hitilafu iliwaacha wachache wakitoka nje na uwezo wa kuua mahali popote. Mmoja wao alizunguka mji wa Falador akiua watu waliokuwa hawawezi hata kumrudishia. Akafungiwa akaunti.

Jambo la mwisho nililomwambia mpwa halihusu ustadi. Ukiwa vitani huwezi kujitoa kwenye gemu hadi zipite karibu sekunde 10 tangu pigo la mwisho, na ukikatika mtandao, mhusika wako anabaki amesimama. Mwaka juzi umeme ulikatika mtaani kwetu nikiwa leveli 30. Nilikaa gizani na kikombe cha chai nikihesabu tiki kwa midomo, nikijua fika kinachoendelea kule.

Jumamosi iliyopita ikaja sauti nyingine. Anahema. Amegandishwa tena, palepale kwenye majoka, na mtu wa leveli 80 na kitu. Safari hii alikuwa amevaa Glory. Aliwasha kinga ya uchawi, akala papa na Karambwan, akabonyeza mkufu.

"Nimetua Edgeville na uhai 11, mjomba. Mikono inatetemeka."

"Na ngozi?"

"Zote tisa ninazo. Subiri, anaandika kitu." Kimya kidogo. "Ananitukana."